Nilitoka kwenye brashi, sasa naongoza timu ya programu

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya teknolojia niliufanya kwa penseli na daftari la hesabu, lile la miraba wanalotumia watoto wa darasa la pili. Kompyuta sikuwa nayo. PCM, ile ya fizikia, kemia na hisabati, sikusoma; nilisoma HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, chuo nikachukua sanaa za ufundi, na jioni nilikuwa nikichora Tingatinga kwenye banda la wachoraji Oysterbay, tausi na twiga wa kuwauzia watalii. Leo naongoza timu ya watu 11 wanaotengeneza huduma ya malipo kwa simu. Wadogo zangu wengi mnaosoma sanaa mmeniandikia mkiuliza nilipitia wapi, nami nimeona niwajibu kwa pamoja.

Msiifiche sanaa yenu. Mimi niliificha miaka miwili. Kwenye wasifu niliweka vyeti vya kozi fupi za kompyuta juu kabisa, uchoraji nikaufuta, nikaomba kazi huku na huku bila kuitwa popote. Na kwa nini waniite? Kwa vyeti vile nilikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni ya vijana waliosomea kompyuta miaka mitatu.

Aliyenifumbua macho ni Susan Kare, Mmarekani. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya sanaa kutoka New York University, na alikuwa akichonga sanamu ya nguruwe pale rafiki yake wa tangu sekondari, aliyekuwa akifanya kazi Apple, alipompigia simu. Akanunua daftari la miraba, akawa anajaza mraba mmoja mmoja, 32 kwa 32, na humo zikatoka aikoni, vile vipicha vya kubonyeza, za kompyuta ya Macintosh iliyoingia sokoni mwaka 1984. Lile kopo la rangi linalomwagika, ambalo hadi leo tunalibonyeza kujaza rangi kwenye picha, ni la mkono wake. Mwenyewe amewahi kuifananisha kazi hiyo na kudarizi na kupanga vigae. Niliposoma hivyo nilimkumbuka bibi yangu na mkeka wake, ukili juu ya ukili, akijua ua litaangukia wapi kabla halijaanza kuonekana.

Nikanunua daftari langu. Nikachora skrini za kulipia umeme, za kutuma ada, za kumtumia mama hela ya matumizi. Kampuni moja ilipotafuta msanifu, mtu wa kupanga mwonekano wa skrini, nikaenda na daftari hilo pamoja na vibao vyangu vitatu vya Tingatinga. Niliwaeleza kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza mwaka 1968, alichora kwenye vipande vya ubao wa dari kwa rangi za kupakia baiskeli. Nafasi ndogo, rangi chache, na mnyama lazima mpita njia amtambue akiwa ng'ambo ya barabara. Skrini ya simu inadai yaleyale. Wakanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu.

Mwezi wa kwanza nilimkuta mama mmoja sokoni Tandale akiuza nyanya. Nilimwamkia, nikamwomba nikae kando yake nimtazame akituma pesa. Alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vibonye, amekishika mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umelowa. Akafika kwenye ukurasa ulioandikwa "Thibitisha muamala", na kidole gumba kikabaki hewani. Akanigeukia: "Binti, nithibitishe nini?" Neno hilo tulikuwa tumekaa mezani tukalipitisha sote, watu wasomi, na hakuna aliyeuliza swali lake. Tulilifuta. Mahali pake tukaweka jina la mpokeaji, kiasi, na maneno "Weka namba ya siri kutuma".

Kwenye menyu za kitochi una herufi 182 tu kwa ukurasa, na Kiswahili chetu kina maneno marefu. Aliyewahi kutunga jina la khanga anaijua kazi hii: mstari mmoja, kila neno lifanye kazi yake, na asiyekujua akuelewe.

Lakini msidanganyike kwamba jicho la msanii peke yake linatosha. Nilikaa miezi minane kwenye intaneti kafe ya Mwenge nikijifunza HTML na CSS, lugha za kutengenezea kurasa za intaneti, baadaye JavaScript ya kuombea maji. Kilichonivusha hasa ni SQL, lugha ya kuiuliza maswali kanzidata, yaani ghala la taarifa kwenye kompyuta. Kabla yake, kwenye vikao niliitwa "dada wa urembo", na nikisema ukurasa fulani unawachanganya watu naambiwa hiyo ni hisia yangu. Siku niliyojua kuuliza mwenyewe, kati ya walioanza kutuma pesa ni wangapi waliishia ukurasa upi, niliingia kikaoni na hesabu. Ukurasa niliokuwa nikiulalamikia ndio uliokuwa unamwaga watu. Tangu hapo nikaanza kuulizwa maoni kabla kazi haijaanza. Kama una muda wa kujifunza kitu kimoja tu cha kiufundi, jifunze hicho.

Uongozi nilijifunza bandani. Kibao kikikamilika kilitundikwa nje kikauke, na kila mchoraji anayepita alisema neno. Mzee wetu alikuwa na sharti moja: sema kuhusu kibao. "Shingo ya twiga imelegea" ruhusa. "Hujui kuchora" marufuku. Sasa kila Alhamisi tunabandika kurasa zetu ukutani zimechapwa, na sharti ni lilelile. Kijana wangu mmoja, fundi mzuri sana wa programu, alikaa miezi bila kufungua mdomo kikaoni. Ukutani alianza kuongea wiki ya pili.

La mshahara linaniuma mpaka leo. Nilitoka kwenye kuuza picha kwa mapatano, mtalii akitaja bei unashukuru, na ofisini nikapokea nilichopewa kwa moyo uleule. Mwaka wa pili nikagundua kaka niliyekuwa nikimfundisha kazi analipwa zaidi yangu. Kabla ya usaili tafuta watu wawili walio kwenye kazi hiyo, uwaulize inalipwa kiasi gani. Ukiulizwa, taja kiasi chako, kisha nyamaza. Usiongeze "lakini tunaweza kuzungumza". Watazungumza wao.

Kuhusu umri, nilianza nikiwa na miaka 29, na wenzangu wa mwanzo walikuwa na 22. Ilinisumbua kama miezi miwili, kisha kazi ikatushika sote.

Siku hizi anayeajiriwa kwenye timu yangu, awe msanifu au fundi wa programu, siku yake ya kwanza haiketi ofisini. Anakwenda sokoni na daftari, anaamkia, anaomba ruhusa, anakaa. Akirudi namuuliza mtu aliyemtazama alishika simu kwa mkono gani, na ule mwingine ulikuwa umeshika nini.