Maswali ya Wasomaji: Kufunga Chambo cha Manyoya kwa Mkono

SWALI: Assalaam alaykum, mzee wetu. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, na jioni nikishafunga kazi huenda kuvua kwa mshipi, si kwa biashara bali kwa kujiburudisha. Mgeni mmoja niliyemshonea suruali aliniachia chambo kidogo cha manyoya yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana. Nilikiburura nyuma ya ngalawa ya ami yangu, nikapata kolekole wawili kabla mzia hajaukata mshipi na kwenda nacho. Tangu siku ile najaribu kutengeneza cha namna hiyo, lakini kila nifikapo mwisho manyoya huwa yameziba tundu la ndoana, na nikikitia majini huzunguka kama pia. Wenzangu wananiambia niache, ati huu ni mchezo wa Wazungu. Nianzie wapi, na vifaa vyake vinapatikana kwetu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Barua yako imenifurahisha, kwa sababu mtu aliyezoea kushona anakuja katika kazi hii akiwa tayari na kile ambacho wengine huchukua miezi kukipata, nacho ni mkono unaojua uzi umekazwa kiasi gani kabla haujakatika.

Wenzako wamesema kweli kwa kiasi, maana ufundi huu umekuzwa sana kwenye mito ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo, chanzo chake ni cha watu wa kawaida mno. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Aelian, aliyeishi karibu na mwaka 200, alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyokuwa wakizungushia ndoana sufu nyekundu na kuifunga pamoja na manyoya mawili ya jogoo, ili ifanane na mdudu aliyependwa na samaki wa mto wao. Sufu na jogoo si vitu vya kuagizwa kutoka mbali.

Makosa yako mawili yana asili moja, nayo ni kwamba unatia vitu vingi mno. Anayeanza huona chambo chembamba kama hakijakamilika, akaongeza kishungi kingine, na kingine tena, mpaka nafasi ya kichwa ikaliwa. Kabla hujafunga unyoya wowote, acha nyuma ya tundu sehemu tupu yenye urefu sawa na tundu lenyewe, na uichukulie kuwa ni mpaka usiovukwa mpaka utakapofika wakati wa kufunga fundo la mwisho. Kisha chukua nusu ya manyoya uliyokusudia kuyatumia. Yakilowa, manyoya machache hulala pamoja na kutikisika kama kiumbe hai, ilhali mengi hujazana na kuyasukuma maji. Na yakizidi upande mmoja, chambo lazima kizunguke.

Ningependa ujifunze umbo moja tu kwa sasa, ulirudie hata mara 20, badala ya kurukia maumbo kumi. Mmarekani Bob Clouser, wa Pennsylvania, alibuni katika miaka ya 1980 chambo alichokikusudia kwa samaki wa mto Susquehanna, na leo kinatumika baharini katika pande nyingi za dunia. Siri yake ni macho mawili ya risasi yaliyoungana, ambayo hufungwa juu ya shina la ndoana, upande usioelekea ncha. Chambo kikiingia majini, uzito ule huigeuza ndoana, ncha ikatazama juu, na ndiyo sababu hakinasi ovyo kwenye mwamba au kwenye majani ya bahari. Ukivuta, kinapanda, ukilegeza, kinazama kwa kichwa, kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Kwa maji yetu ya mwambani sijui umbo jingine la kuanzia linalofaa kuliko hili.

Anza kuviringisha uzi nyuma ya mpaka wako, uupitishe juu ya mwanzo wake ili ujifunge, kisha urudi nao nyuma kidogo. Funga macho kwa kuvuka huku na huku, mfano wa tarakimu 8, na utie tone la gundi. Sasa weka kishungi cha manyoya meupe upande ule ule wa macho, ukifunge mbele ya macho na tena nyuma yake. Hilo ni tumbo. Geuza ndoana, ufunge kishungi cha rangi ya kijani au cha buluu upande wa ncha, mbele ya macho tu. Huo ni mgongo. Manyoya yazidi urefu wa shina la ndoana mara mbili, au mara tatu ukipenda. Mtazame kibua akiwa hai majini, mgongo wake ulivyokoza na tumbo lake lilivyo jeupe, utaelewa kwa nini rangi hupangwa hivyo. Maliza kwa vifundo vitatu vya kitanzi na rangi ya kucha isiyo na rangi.

Kuhusu vifaa, jiliwa dogo la fundi wa saa linatosha kuishika ndoana. Uzi wa poliesta unao. Clouser alitumia nywele za mkia wa paa wa kwao. Wewe tumia za mbuzi, ambazo baada ya Idi ya kuchinja hupatikana bila taabu. Zioshe kwa sabuni, uzikaushe kivulini na uzihifadhi katika chupa yenye kifuniko. Badala ya risasi, kata shanga mbili za mnyororo wa chuma unaofungiwa kizibo cha sinki. Ni nyepesi zaidi, lakini kwa maji ya kina kidogo zinafaa sana. Ununuapo ndoana kumbuka kwamba namba 8 ni ndogo kuliko namba 2, na kwamba baada ya namba 1 huja 1/0 na 2/0, ambazo huzidi kukua. Kwa kolekole chukua 1/0, na kwa ajili ya yule mzia weka shibiri moja ya waya mwembamba mbele ya chambo. Kijaribu kwanza katika beseni la maji, na urudipo pwani kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana kutu huanza usiku ule ule.

SWALI: Binti yangu wa miaka 10, hapa Makunduchi, anataka kujifunza kazi hii kwa kaka yake. Je, si hatari? Na manyoya ya ndege wa msituni yanafaa?

JIBU: Mwache ajifunze, mama. Mkatie ncha ya ndoana kwa koleo kabla hajaanza, na kaka yake avae miwani anapovuta uzi karibu na ndoana yenye ncha. Ndege wa msituni waachwe msituni. Manyoya ya kuku, bata na kanga yanayoanguka uani yanatosha, na yale ya kanga yenye madoadoa yakizungushwa shingoni mwa chambo hufanana vizuri na miguu ya kamba.