Dinari ya tembo: je, weusi ni dalili ya sarafu bandia?

SWALI: Nimerithi sarafu ya fedha ya Kirumi yenye tembo na neno CAESAR chini yake, lakini imeingia weusi. Sonara anasema fedha halisi haiingii weusi, na anataka kuipima kwa tindikali kisha aing'arishe. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie. Fedha halisi ndiyo inayoingia weusi, kwani salfa ya hewani na ya udongoni huungana na uso wake. Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba tindikali humfichua mghushi. Tone la tindikali hujibu swali moja tu, kama kitu hicho ni fedha. Na kwa kuwa wapo waghushi wa leo wanaotumia fedha safi, sarafu iliyotengenezwa mwaka jana itafaulu mtihani huo vizuri kabisa, huku yako, hata ikiwa halali, ikibaki na kovu.

Umri wa sarafu husomwa kwenye uzito, ukingo na michoro. Dinari hii, yenye uzito wa gramu 3.9 hivi, ilitolewa na Julius Caesar mwaka 49 hadi 48 KK, vita vyake na Pompey, jemadari mwenzake wa Kirumi aliyekuwa mpinzani wake, vilipopamba moto. Iligongwa kwa nyundo, kwa hiyo mshono wa kalibu ukingoni ni dalili mbaya. Upande wa pili una upawa, kinyunyizio, shoka na kofia ya kikuhani, vifaa vinavyokumbusha cheo cha Kuhani Mkuu alichokishika tangu mwaka 63 KK. Tembo naye anakanyaga kitu ambacho wengine husema ni nyoka na wengine tarumbeta ya kivita ya Wagali, watu wa kale wa Ufaransa ya leo waliopigana na Caesar, na ubishi huo wote umesimama juu ya mistari myembamba kama unywele. Weusi unaokukera ni fedha ya sarafu yenyewe iliyogeuka. Ukiusugua, mistari hiyo ndiyo hutangulia kufutika.

Ndimu, chumvi na dawa ya meno zinazosifiwa na wajuaji wa mitandaoni hazina tofauti na tindikali ya sonara. Fedha iliyokaa ardhini karne nyingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana, na Warumi wenyewe walikuwa na dinari bandia za shaba iliyovikwa fedha, ambazo kioevu kikali kikipenya huharibika kuanzia ndani. Ishike kwa ukingo, ipige picha pande zote, ipime uzito, kisha mpelekee mtaalamu wa sarafu za kale. Anayekuambia kwamba iking'aa itapanda bei, mwulize ameshawauzia wakusanyaji ngapi.