Barua kwa mwanangu: meli ya baba yako ilikuwa bado safarini

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na hela ya bati imefika pia, Mungu akuzidishie. Siku ya Idi uliniuliza jambo kwenye simu, nami sikukujibu sawasawa kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni. Ulisema: "Mama, nasikia kila Jumamosi unakaa barazani na vijana wa bodaboda mnarusha dadu mpaka saa nne usiku. Ni kamari? Na kama ni mchezo tu, kwa nini huo wa zamani, na simu yako imejaa michezo?" Nimeona nikuandikie, maana jibu ni refu na marehemu baba yako yumo ndani yake.

Si kamari, hakuna hata senti inayowekwa. Masika yalipotoboa paa la chumba cha uani nililihamisha lile sanduku lake, na chini ya mashuka nikakuta boksi dogo lenye vijitabu vitatu vyeusi. Mchwa wamekula pembe ya kile cha tatu, maandishi wameyaacha. Mchezo unaitwa Traveller, yaani Msafiri. Aliutunga Mmarekani, Marc Miller, ukatolewa mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop, kwenye mji uitwao Normal, jimbo la Illinois. Michezo ya namna hii ilianza na Dungeons & Dragons mwaka 1974: watu wanakaa pamoja, kila mmoja anakuwa mhusika wa hadithi, mmoja anakuwa refa anayewaeleza wanachokiona na kinachowapata. Ile ya mwanzo ilikuwa ya mapanga na mazimwi. Mwaka 1976 James M. Ward akatoa Metamorphosis Alpha, habari ya chombo kikubwa kilichopotea angani na watu ambao wameshasahau kwamba wamo chomboni. Huo sikuwahi kuucheza. Nilioucheza ni huu wa Miller, na nakwambia kwa moyo mmoja kwamba ni kazi ya akili kubwa.

Aliyetuletea ni mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, yeye akifundisha fizikia nami hesabu, mwaka 1984. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, lakini mchezo huu haukutudai kitu. Dadu mbili tulizitoa kwenye ludo. Ramani ya nyota ina pembesita 80, nane kwa kumi, nikazichora mwenyewe kwa bikari na rula. Kwa kila moja unarusha dadu: ikitoka 4, 5 au 6, hapo pana ulimwengu. Kisha dadu tena zinakwambia ukubwa wake, hewa yake, maji yake, watu wake, serikali yake, na kama ina bandari ya kueleweka au ni uwanja mtupu. Tulimaliza ramani nzima kwa kibatari, usiku mmoja wa mvua.

Sasa sikiliza jambo lililonishika. Katika michezo mingi unaanza kijana, huna kitu, ndio kwanza unatoka kwenu. Katika Traveller unaanza na miaka 18, ndiyo, lakini kabla hadithi haijaanza unamfanyisha kazi mtu wako: jeshini, kwa wanamaji, kwa skauti wa anga, kwenye meli za biashara. Unakwenda kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi unarusha dadu kuona kama amepona. Asipopona amekufa, unachukua karatasi nyingine. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa skauti. Skauti anahitaji 7 au zaidi kwa dadu mbili, na kati ya matokeo 36, yaliyo chini ya 7 ni 15. Nilijua hesabu hiyo kabla sijarusha, nikarusha hivyo hivyo. Akafa kipindi cha kwanza. Baba yako alinitazama kama kwamba tumefiwa kweli.

Yeye alichagua biashara. Unamjua, karani wa kuhesabu shehena bandarini, angechagua nini tena? Karatasi yake ninayo hapa, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: 789A85. Nguvu 7, wepesi 8, ustahimilivu 9, akili A ambayo ni 10, elimu 8, hadhi 5. Vipindi vitano, akatoka kapteni mwenye miaka 38, na dadu zikampa meli. Lakini meli yenyewe ina deni: kila mwezi unalipa sehemu moja ya 240 ya bei yake, miezi 480. Ni miaka 40, na jumla umelipa bei mara mbili. Akapiga hesabu akasema, "Deni nitalimaliza nina miaka 78." Basi kila safari ilikuwa kutafuta shehena. Kusema kweli, bunduki zilizomo vitabuni hatukuzigusa sana. Tulikuwa tunasafirisha nafaka na vipuri, tunahesabu mafuta, tunapigana na tarehe ya malipo.

Na habari haisafiri peke yake. Kuruka kutoka nyota hadi nyota kunachukua wiki moja, iwe karibu au mbali, na hakuna simu wala redio inayoiwahi meli. Mtu akifa huko, utajua siku meli itakapotia nanga. Mwingereza wetu alilazimika kulieleza hili kwa wageni wenzake, sisi hakutueleza. Babu yako alikwenda Pemba na jahazi kwa kusi akarudi kwa kaskazi, na bibi yako alikaa pwani hii bila habari mpaka tanga lionekane. Wakisema Tanga waja leo waondoka leo, ndiyo maisha ya kapteni wa mchezo huu.

Wakati ule nilikuwa na miaka 26. Sasa nimestaafu, na hawa vijana ndio wenye umri ule. Jumamosi moja dereva wa bodaboda anayekaa barabara ya 12 alimfikisha mwanamaji wake miaka 34. Kuanzia hapo mtu anazeeka na mwili unarushiwa dadu: kwa nguvu unahitaji 8 au zaidi, la sivyo inapungua moja. Ikatoka 5. Akachukua ufutio akafuta 7 polepole, akaandika 6, akapuliza vumbi la ufutio, akaniuliza, "Bibi, hairudi?" Nikamwambia hairudi, lakini tazama ujuzi ulioupata. Alikaa na ile karatasi muda mrefu. Simu yangu haijawahi kumkalisha mtu hivyo, mwanangu, na mimi baraza langu lilikuwa tupu tangu baba yako aondoke. Hilo ndilo jibu lako.

Kuna moja zaidi. Mwaka 1987 baba yako alihamishiwa bandari ya Mtwara, boksi likaingia sandukuni, Mwingereza akarudi kwao. Daftari la safari limeishia katikati ya mruko: "Siku ya 3. Mhandisi na mhudumu wa abiria wamegombana kuhusu maji. Nitasuluhisha kesho." Mafuta ya taa yalikwisha usiku ule, kesho yenyewe haikuja. Nilipowasomea vijana, wakanyamaza, kisha mmoja akauliza meli ile itatoka lini. Nikachukua kalamu, chini ya mwandiko wake nikaandika siku ya 4, ya 5, ya 6. Siku ya 7 nikaandika imefika, imelipa krediti 100 za gati. Sasa wanabishana nani atapanda kuwa rubani, na kama ile shehena ya vipuri bado ina mnunuzi.

Mama yako
Ngamiani, Tanga