Kasia la Watu Watano

SWALI: Kwenye somo la Biblia hapa Kirumba tulifundishwa kwamba zamani Waprotestanti wa Ufaransa walifungwa minyororo wapige makasia. Mimi ni mvuvi, kasia nalijua. Adhabu hiyo ilikuwa nzito kiasi gani? Na kwa nini wasikane tu, watoke?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu mvuvi, usilipime kwa kasia la mtumbwini. Lile la merikebu lilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, likivutwa na watu watano. Mpini wake vidole haviwezi kuuzunguka, kwa hiyo ulipigiliwa vishikio vya mbao. Wafungwa waliinuka pamoja, wakausukuma mbele, kisha wakajitupa nyuma kwa uzito wote wa mwili mpaka wakaangukia benchi. Wa mwisho upande wa ndani ndiye aliyekwenda hatua ndefu kuliko wote, basi pale aliwekwa mwenye nguvu. Mmoja akichelewa, kasia zima linachelewa, na vichwa vinagongwa na mpini wa benchi jirani.

Sheria yenyewe ilikaziwa Oktoba 1685, Mfalme Louis wa 14 alipoifuta Amri ya Nantes ya 1598 iliyowaruhusu Wahugenoti, yaani hao Waprotestanti wa Ufaransa, kuabudu. Wachungaji walipewa siku 15 waondoke. Waumini, kinyume chake, walikatazwa kutoka: mwanamume akikamatwa akitoroka, merikebuni; mwanamke, gerezani. Wanaume zaidi ya 1,500 walipelekwa makasiani kwa ajili ya imani.

Kuhusu kukana, umegusa penyewe. Mwizi aliyefungwa benchi lile lile hakuwa na neno la kumfungua. Mhugenoti alikuwa nalo kinywani kila siku, na kila siku ilimbidi akatae upya. Misa ya Kikatoliki ikisomwa merikebuni aliamriwa avue kofia na kupiga magoti. Waliogoma walivuliwa nguo hadi kiunoni wakachapwa kwa kamba nene. Jean Marteilhe, aliyekamatwa angali kijana akielekea Uholanzi, hakukana hadi alipoachiwa mwaka 1713, baada ya Malkia Anne wa Uingereza kuomba wafungwa hao waachiwe.

Wanawake nao wasisahauliwe. Marie Durand aliingizwa gereza la Mnara wa Constance, mjini Aigues-Mortes, mwaka 1730, akiwa na miaka 19. Alitoka 1768. Wahugenoti wa mwisho waliohukumiwa makasia waliachiwa mwaka 1775.