Wasomaji Wanauliza: Picha Zilizogandana, Kinyago Kinachomwaga Unga

Shikamooni. Marehemu bibi aliacha picha za familia kwenye mfuko wa rambo, darini chini ya bati. Nimeutoa baada ya mvua, nikakuta picha kama 40 zimegandana, bulungutu moja. Nyingi ni za studio, nyeusi na nyeupe. Nizibandue vipi?
Msomaji, Mikindani

Marahaba. Kwanza usivute hata moja. Uso wa picha hizo ni tabaka la jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikipata unyevu huvimba na kunata, ikikauka hushika kama gundi. Ukivuta, sura ya mtu inabaki mgongoni mwa picha ya pili. Chanzo ni ule mfuko: mchana bati linachoma, usiku linapoa, na unyevu uliofungiwa ndani hauna pa kutokea. Rambo zilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini makabatini mwetu bado zimo.

Chunguza ukungu kabla ya kugusa maji. Ukiona madoa yenye manyoya au unasikia harufu ya uvundo, usiloweke, kwa sababu jelatini iliyoliwa na ukungu huyeyuka majini. Bulungutu la namna hiyo lianike kivulini penye upepo mpaka likauke kabisa, kisha vaa barakoa, toka nje na ufute ukungu kwa brashi laini. Usiloweke pia picha zilizotolewa kwa printa ya wino, kwani rangi itachuruzika.

Kama ni safi, piga kwa simu kila kinachoonekana, pamoja na maandishi ya nyuma, maana wino wa kalamu unaweza kufutika. Tia maji safi ya kawaida kwenye beseni pana. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, hivyo tumia ya kunywa. Jaribu picha mbili tatu zisizo na thamani kubwa kwanza. Zizamishe dakika 20 hadi 30, halafu sukuma kona taratibu kwa kidole, ndani ya maji. Isipoachia, badilisha maji na usubiri tena. Usitumie kisu wala maji ya moto. Kukicha kusizikute majini: jelatini ikilowa mno hutoka kwenye karatasi.

Zilizoachana zilaze, uso juu, kwenye kipande cha chandarua kilichotandazwa kivulini. Gazeti halifai, litanata. Zikikauka zitajikunja kidogo. Ziweke kati ya karatasi nyeupe chini ya vitabu vizito siku tatu. Nyuma andika majina kwa penseli, kisha kila moja iingie kwenye bahasha ya karatasi. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu iache hapo hapo, uipige kupitia kioo ukiwa umeshika kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kuzuia mng'ao.

Kinyago cha mpingo cha babu kinamwaga unga chini. Jirani ananishauri nikipake mafuta ya taa. Ni sawa?
Msomaji, Newala

Hapana. Mafuta ya taa hayafiki alipo bungua, mdudu anayetoboa mbao, ila yatakuachia harufu na doa. Anayekula ni funza wa mdudu huyo, na mara nyingi anakula sehemu ya nje yenye weupe, kwa sababu kiini cheusi cha mpingo ni kigumu mno kwake. Kinyago kikiliwa mpaka ndani, kwaruza kidogo chini ya kitako. Huenda ni mti mwingine uliopakwa kiwi, viko vingi.

Kitenganishe kinyago na vitu vingine, kifute unga wote, kisha kisimamishe juu ya karatasi nyeusi wiki mbili. Unga mpya ukionekana, mdudu yu hai. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, kitie kwenye mfuko mzito, toa hewa na ufunge kabisa. Kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka friza ikapata joto, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo mvuke utaganda juu ya mti. Chenye nyufa kubwa, rangi au shanga kisiingie friza. Juani usikianike hata kidogo: mpingo ukikauka ghafla hupasuka.

Kanga za mama nazihifadhi kwa naftalini. Nyumbani kuna kichanga. Kuna madhara?
Msomaji, Lindi mjini

Yapo, na ni makubwa. Ondoa vidonge hivyo leo. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa nguo au hewa yenye naftalini, na upungufu huo hupatikana zaidi kwenye maeneo ya malaria kama yetu. Nguo alizovalishwa au kufunikwa zifuliwe na kuanikwa kwanza. Akionekana wa manjano, amepauka au mkojo una rangi ya chai, mpelekeni hospitali haraka mkataje naftalini.

Kanga yenyewe inataka usafi tu, kwa kuwa jasho na wanga ndivyo vinavyoita mende. Kwa kanga ya zamani, jaribu pembe kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, usifue. Ikauke kabisa, uivingirishe badala ya kuikunja, uifunge kwa foronya nyeupe. Ifungue kila mwaka wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, hewa ikiwa kavu.

Cheti cha ndoa cha wazazi kimeanza kuchanika. Nikipige laminesheni?
Msomaji, Masasi

Usikipige. Joto huyeyushia plastiki ndani ya karatasi na haitoki tena, na muhuri wa kubonyeza hulazwa. Selotepu nayo hugeuka kahawia. Toa pini, kilaze kwenye bahasha kubwa, ndani ya sanduku lililoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na lisilogusa ukuta, maana mchwa hupandia hapo.