Anzeni na Bei ya Tangi, Muziki Baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, tamasha la sikukuu linaweza kweli kuisaidia zahanati ya kijiji, au linaishia kuwa sherehe tu?

Linaweza. Na huku Kilimanjaro tuna nafasi ambayo kwingine haipatikani kirahisi, maana Krismasi inawarudisha watu nyumbani. Desemba ikielekea ukingoni, Rombo, Marangu, Machame na Kibosho hujaa wageni wenyeji kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na Mwaka Mpya ukishapita wanashuka. Siku za kuchangisha ni kuanzia tarehe 26 hadi 30. Mkichelewa hapo mtabaki kuwachangisha walewale wa kijijini, ambao tayari ndio wanaosomba mchanga na mawe.

Kosa kubwa hutokea mapema kabisa, pale kamati inapotangaza kwamba "tunachangia afya". Chagueni kitu kimoja chenye bei iliyoandikwa, na zahanati iweze kukitumia siku kinapofika. Muulizeni mganga mfawidhi, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, kama kifaa hicho ni cha ngazi ya zahanati na kama yupo wa kukitumia. Mashine ya ultrasaundi inapendeza kuitaja jukwaani, lakini pasipo mtaalamu wa kuitumia itakaa kabatini. Dawa na posho pia msizitegemeze kwenye tamasha: dawa huisha kila mwezi, tamasha ni mara moja kwa mwaka. Kinachofaa ni kitu cha kununua mara moja, kama kitanda cha kujifungulia, umeme wa jua wa chumba cha uzazi, au tangi la maji. Baada ya hapo upelekeni mpango kwenye mkutano mkuu wa kijiji mwezi Septemba, ili anayeombwa pesa Desemba asikute jambo geni.

Mimi ningeanza na tangi. Mahali ambapo maji hayafiki zahanati, ndugu wa mama anayejifungua ndio wanaobeba ndoo, usiku na mvua ikinyesha. Hesabu yake ni rahisi: kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,000. Ondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 800. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 linajazwa na mvua ya milimita 60 na kidogo.

Bei ya tangi ni sehemu tu ya gharama, na hapo ndipo bajeti nyingi huvunjika. Mnahitaji gata (mifereji ya paa), mabomba, koki, wavu wa kuzuia majani, fundi na kitako cha zege. Tangi la lita 5,000 likijaa, maji peke yake yana uzito wa tani 5. Likiwekwa juu ya udongo ulioshindiliwa kwa miguu, upande mmoja utatitia, tangi litainama na kupasuka chini au kung'oa bomba la kutolea maji. Kitako kiwe sawasawa kwa pimamaji na kizidi upana wa tangi pande zote. Wekeni pia njia ya kumwaga maji ya kwanza ya kila mvua, kwa sababu ndiyo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na ya kunywa yatibiwe, hata yakionekana meupe.

Sasa pesa. Pimeni tamasha kwa kilichobaki, si kwa kilichoingia. Likiingiza milioni 6 na gharama zikala milioni 3 na nusu, zahanati imepata milioni 2 na nusu, na watu watauliza. Tenti, viti, jenereta na muziki viombwe kama michango kabla ya siku yenyewe. Usharika au parokia mara nyingi ina viti tayari. Chakula kiuzwe kwa kuponi. Kwa watu 300, pilau inahitaji mchele kilo 40 hivi na nyama kilo 60. Mtori wa mshare, aina ya ndizi, una gharama ndogo na huisha mapema, kwa hiyo upikwe mwingi. Turubai ni lazima, kwani Desemba mlimani mvua haina taarifa.

Ahadi ndizo zinazoua matamasha. Mtu anaahidi laki mbili mbele ya kipaza sauti, Januari inafika na ada za shule, simu haipokelewi. Dawa yake ni mnada wa papo hapo. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ikishaletwa, anzeni shilingi 50,000 kwa kanuni kwamba kila anayepandisha bei analipa kiasi alichopandisha, palepale. Anayeifikisha 60,000 anatoa 10,000 yake, na mwingine anaendelea kutoka hapo. Wengi wenye kidogo wanashiriki, na mwisho wa mnada hakuna deni la kufuatilia. Keki nayo vilevile. Ahadi zitakazobaki ziandikwe kwa jina, kiasi na tarehe, na tarehe hiyo iwe mwisho wa Februari.

Malipo ya simu yawe kwa lipa namba au namba ya kumbukumbu ya malipo iliyounganishwa na zahanati. Vituo vya serikali vina akaunti zao tangu fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilipoanza kupelekwa vituoni moja kwa moja, mwaka wa fedha 2017/18, kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia simu ya mwenyekiti. Jaribuni namba siku moja kabla kwa shilingi 1,000 na mwangalie jina linalotokea. Likitokea jina la mtu binafsi, mchangiaji anarudisha simu mfukoni. Fedha taslimu zihesabiwe na watatu: mhazini, mtendaji wa kijiji, na mmoja asiye kwenye kamati. Wote wasaini karatasi moja kabla hela haijaondoka uwanjani. Desemba 26 benki zimefungwa, basi ongeeni mapema na wakala mwenye floti (salio la kupokelea pesa) ya kutosha.

Kama mtapima afya siku hiyo, na ningeshauri mpime, upimaji uanze asubuhi, mbali na spika. Presha hupimwa mtu akiwa amekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, mkono usawa wa moyo, kisha inarudiwa. Aliyetoka kucheza ngoma au kunywa kahawa atasoma juu bila kuwa mgonjwa. Anayepata 140 kwa 90 au zaidi mara zote mbili apewe karatasi ya kurudi zahanati siku nyingine. Asianzishiwe dawa chini ya tenti. Kwa damu, alikeni Mpango wa Taifa wa Damu Salama wiki kadhaa kabla. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Meza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe upande mwingine na ifunguliwe baada ya damu kukusanywa.

Hesabu zibandikwe ubaoni zahanati na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kabla ya Desemba 31, wakati wachangiaji bado wapo na wanaweza kuuliza uso kwa uso: kilichoingia, kilichotumika kwa stakabadhi, kilichobaki, nani hajalipa. Fundi aanze kitako wiki ya kwanza ya Januari, ili zege likomae na gata ziwe juu kabla ya masika.