Kwa nini "black mamba" si mweusi, na si mamba

Mkuu, umeuliza kwa nini anaitwa "black mamba" wakati picha zote unazoziona ni za nyoka wa kijivu, na kama jina lina undugu na mamba wa mtoni. Naanza na nilichokiona mwenyewe.

Nimekulia Urambo, Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku. Kwetu huyo ni koboko, basi. Nikiwa darasa la sita nilitumwa kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, nikavuta gogo lililoegemea kichuguu. Akanyanyuka. Rangi yake majivu yaliyoloa maji, wala sikushtuka sana, mpaka alipofungua kinywa. Ndani mlikuwa mweusi tii, kama chini ya sufuria ya kuni. Babu alinishika ukosi wa shati akanirudisha kinyumenyume, polepole, bila neno. Koboko naye akazama kichuguuni.

Weusi wenyewe ndio huo wa kinywani, anaouonyesha akikuonya usisogee. Ngozi yake ni ya kijivu, kahawia au kijani cha zeituni.

Sasa "mamba". Wazungu walilitoa kwa Wazulu wa Afrika Kusini, ambao nyoka huyu humwita imamba. Wazulu wenyewe hawachanganyikiwi kama sisi, maana mamba wa mtoni kwao ni ingwenya.

Jina la kitaalamu, Dendroaspis polylepis, alipewa na mtaalamu wa wanyama, Günther, mwaka 1864. Neno la kwanza ni Kigiriki, nyoka wa miti. La pili ni magamba mengi. Hiyo "miti" ingemfaa zaidi ndugu yake wa kijani, yule wa kwenye miembe na minazi ya pwani. Koboko hupanda akitaka, ila maisha yake mengi ni chini, kwenye vichuguu na mashimo.

Kinachoniudhi ni magazeti kutafsiri "mamba mweusi". Siku moja nilimsomea bibi habari ya mamba mweusi aliyekutwa juu ya dari la nyumba. Akaacha kuchambua mchicha, akaniuliza, "Alipandaje?"